Kitabu, Sauti na Saa: Namna Wanachama wa Maktaba Wanavyopendekezana Vitabu vya Kusikiliza

Klabu ya vitabu vya sauti ni kundi la wanachama wa maktaba wanaokutana kuelezana vitabu walivyovisikiliza na kushauriana vipi vifuate. Katika klabu ya kawaida ya wasomaji, wote husoma kitabu kimoja kisha hukaa kukijadili. Klabu ya kusikiliza inaweza kufuata mtindo huo, lakini unaoifaa zaidi ni mwingine: kila mwanachama huja na kitabu chake, hukinadi mbele ya wenzake kwa dakika chache, na kikao kikiisha kila mtu huondoka na orodha mkononi.

Kwa hiyo uhai wa klabu hutegemea pendekezo. Nalo pendekezo la kitabu cha sauti lina mzigo mkubwa kuliko la kitabu cha karatasi. Anayesifu kitabu cha karatasi anasifu maandishi peke yake. Anayesifu kitabu cha sauti anasifu maandishi, sauti ya aliyeyasoma, na saa ambazo msikilizaji atazitoa katika maisha yake. Likisahaulika moja kati ya hayo matatu, mwenzake huazima kitabu kizuri na kukitupa sura ya pili.

Santuri za wasioona

Thomas Edison alipotengeneza fonografu mwaka 1877, moja ya matumizi aliyoyataja mwaka uliofuata ni vitabu vya kusikilizwa na wasioona. Wazo lilitangulia chombo. Fonografu za mwanzo zilibeba dakika chache tu za sauti, na riwaya nzima haikuweza kuingia humo. Ilibidi kusubiri zaidi ya miaka 50.

Mwaka 1931 Marekani ilipitisha sheria iliyotenga dola 100,000 kwa mwaka kwa ajili ya vitabu vya watu wazima wasioona, kazi ikapewa Maktaba ya Bunge. Mwanzoni fedha hizo zilikuwa za vitabu vya nukta nundu. Mwaka 1933 sheria ikapanuliwa iingize santuri, na mwaka 1934 vitabu vya kwanza vya sauti vikaanza kutoka. Uingereza ilizindua huduma yake Novemba 1935, ikisukumwa na mahitaji ya askari waliopoteza macho katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Ian Fraser, aliyepofuka kwa risasi katika mapigano ya Somme mwaka 1916, alikuwa mstari wa mbele katika juhudi hizo. Miongoni mwa vitabu vya awali vilikuwamo The Murder of Roger Ackroyd cha Agatha Christie na Typhoon cha Joseph Conrad. Upande mmoja wa santuri ulibeba takriban dakika 25, hivyo riwaya ya kawaida ilijaza santuri kama 10, zikafungwa kwenye kasha na kupelekwa kwa posta hadi mlangoni kwa msomaji.

Huduma hizo za wasioona ndizo zilizoweka mfano wa pendekezo zuri. Katalogi ya vitabu vya sauti ya Maktaba ya Bunge la Marekani, chini ya kila kitabu, huandika muhtasari wa mistari michache, jina la aliyekisoma, muda wake kwa saa na dakika, na tahadhari iwapo kina matusi, ukatili au mambo ya ngono. Asiyeona hawezi kupekua kurasa dukani ili ajionee. Lazima aambiwe mapema. Na mtu yeyote anayetafuta kitabu cha sauti kwenye simu yuko katika hali iyo hiyo.

Baadaye wasikilizaji wenye macho wakajiunga. Mwaka 1952 kampuni ya Caedmon ilianza kuuza santuri za washairi wakisoma kazi zao wenyewe. Mwaka 1975 Duvall Hecht, bingwa wa zamani wa Olimpiki katika kupiga makasia, alianzisha huko California biashara ya kukodisha vitabu vizima katika kaseti, baada ya kuchoshwa na redio katika safari ndefu za kwenda na kurudi kazini. Kaseti zikafuatwa na sidii, na sidii zikafuatwa na mafaili ya kompyuta. Mradi wa kujitolea wa LibriVox ulianza mwaka 2005 kurekodi vitabu ambavyo hakimiliki yake imekwisha, na mwaka 2017 kampuni ya OverDrive ilizindua Libby, programu ya simu inayotumiwa na maktaba nyingi za umma kuazimisha vitabu bila mwanachama kufika kaunta.

Kusikiliza ni kusoma?

Swali hili huibuka karibu kila klabu inapoanzishwa, na hudhoofisha mapendekezo, kwa sababu mtu anayeona haya kwamba alisikiliza hukisifu kitabu kwa uwoga. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 na Beth Rogowsky na wenzake ulilinganisha watu wazima waliosoma kifungu cha kitabu kwenye skrini, waliokisikiliza, na waliofanya yote mawili kwa pamoja. Haukuona tofauti ya maana katika kuelewa, wala katika kukumbuka wiki mbili baadaye. Kitabu kile kilikuwa cha masimulizi ya kweli. Kitabu cha fizikia chenye michoro na milinganyo ni jambo jingine, na mwanachama makini husema wazi pale ambapo karatasi ingefaa zaidi.

Swali la mkutubi

Kupendekeza kitabu ni fani ya zamani katika kazi ya ukutubi. Mhindi S. R. Ranganathan, katika kanuni zake tano za maktaba alizozichapisha mwaka 1931, aliweka tatu zinazoihusu moja kwa moja: kila msomaji ana kitabu chake, kila kitabu kina msomaji wake, na muda wa msomaji uokolewe. Kanuni hizo humwondoa mpendekezaji katika kiti cha hakimu. Haulizwi kama kitabu ni bora. Anaulizwa kinamfaa nani.

Mwaka 1989 wakutubi wawili wa Marekani, Joyce Saricks na Nancy Brown, waliandika mwongozo uliobadilisha mazungumzo ya kaunta. Walionyesha kwamba mada peke yake haimwambii msomaji mengi. Watu wawili wanaweza kutaka riwaya ya upelelezi: mmoja anataka mbio na risasi, mwingine anataka mpelelezi mpole anayekunywa chai na kufikiri. Kinachowavuta ni mwendo wa hadithi, wahusika, mpangilio wa matukio, mazingira na hali ya moyo inayobebwa na maandishi. Kwa hiyo badala ya kumuuliza mtu anapenda vitabu vya namna gani, mkutubi humwomba aeleze kitabu cha mwisho alichokipenda na kilimpendeza nini. Mtu akijibu kwamba alihisi yuko Unguja, anatafuta mazingira. Akisema hakulala mpaka kilipoisha, anatafuta mwendo.

Wanachama wa klabu wanaweza kulitumia swali hilo hilo, lakini kwa vitabu vya sauti linahitaji nyongeza mbili: kitabu kimesomwa na nani, na mwenzake husikiliza akiwa katika shughuli gani.

Aliyekisoma

Vitabu vya Harry Potter vilisomwa Uingereza na Stephen Fry na Marekani na Jim Dale. Maandishi karibu ni yale yale, lakini wapo wasikilizaji wanaomshikilia mmoja na kumkataa mwingine katakata. Jim Dale aliingia katika kitabu cha rekodi za Guinness kwa kutumia sauti 134 tofauti katika Harry Potter and the Order of the Phoenix. Mwenye kupenda maigizo atafurahi. Mwenye kutaka utulivu huenda akachoka kabla ya sura ya tano. Mapendekezo yanayosema “kisikilize” bila kusema kimesomwa na nani yameacha nusu ya habari.

Mwandishi kusoma kitabu chake mwenyewe si dhamana ya uzuri, kwani wapo waandishi hodari wa kalamu wenye sauti ya kulaza watu. Ila katika wasifu na kumbukumbu za maisha, sauti ya mwenyewe huongeza kitu kisichopatikana kwenye karatasi. Barack Obama alipata tuzo ya Grammy mwaka 2006 kwa kusoma Dreams from My Father, kitabu ambacho sehemu yake kubwa ya mwisho inatokea Kenya. Vilevile zipo rekodi za kundi zima: Lincoln in the Bardo ya George Saunders, iliyotoka mwaka 2017, ilikusanya wasomaji 166. Kwa msikilizaji mgeni hiyo ni kelele ya soko. Kwa mzoefu ni tamthilia.

Dawa ya ubishi kuhusu sauti ni kuonja. Programu nyingi za maktaba huruhusu kusikiliza kipande kifupi kabla ya kuazima, na klabu inaweza kupiga dakika mbili za kila kitabu kwa spika pale pale kikaoni. Wasomaji wa karatasi wanayo kanuni maarufu ya mkutubi Nancy Pearl: kipe kitabu kurasa 50, na ukizidi umri wa miaka 50, toa umri wako katika 100 upate idadi ya kurasa unazodaiwa. Kwa sauti, kurasa 50 ni kama saa moja na nusu. Sauti isiyopendeza haihitaji muda huo wote, kwani sikio hukataa ndani ya dakika tano.

Saa na mahali

Kitabu cha sauti husomwa kwa kasi ya maneno 9,000 hivi kwa saa. Riwaya ya maneno 90,000 basi ni saa 10. Anayesikiliza dakika 40 kwa siku ndani ya daladala ataimaliza kwa siku 15, yaani siku moja baada ya azima ya wiki mbili kwisha. Akiongeza kasi hadi mara moja na robo, saa 10 huwa 8, na siku huwa 12. Hesabu ndogo kama hii huokoa watu wengi na ghadhabu ya kitabu kujifunga kikiwa kimebaki sura moja. Ndiyo maana pendekezo lisilotaja urefu wa rekodi halijakamilika.

Mahali pa kusikilizia nako kuna neno. Anayeosha vyombo, anayechambua mchele na anayekimbia asubuhi wana masikio huru na akili nusu huru, hivyo hufaana na hadithi yenye mstari ulionyooka. Anayeendesha gari mjini hukatizwa kila mara, kwa hiyo sura fupi zinazojitegemea humfaa kuliko riwaya yenye wahusika 30. Anayesikiliza kitandani hataki kitabu cha kumtia hofu. Na anayesikiliza nyumbani kwa spika, watoto wakiwa sebuleni, anastahili kuonywa juu ya matusi kabla hayajatoka.

Bando pia ni sehemu ya hesabu. Rekodi ya ubora wa kawaida wa kilobiti 64 kwa sekunde hula MB 29 hivi kwa saa, hivyo kitabu cha saa 10 ni karibu MB 290. Maktaba yenye intaneti ya bure huwaokoa wanachama wake gharama hiyo: hupakua kitabu kabla ya kuondoka, kisha hukisikiliza njiani bila kuwasha data.

Foleni

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hiyo haikihusu kitabu cha sauti. Hakina jalada la kumvuta mpita njia rafuni, na kizuri na kibaya vyote vimelala kimya ndani ya orodha ndefu. Vyote vinahitaji mtu wa kuvitembeza. Ila kitabu kikishanadiwa vizuri, shida nyingine huanza.

Ingawa faili la kompyuta linaweza kunakiliwa mara milioni, leseni nyingi ambazo wachapishaji huiuzia maktaba huruhusu nakala moja kwa mtu mmoja kwa wakati mmoja, kana kwamba ni kitabu cha karatasi. Leseni nyingine huisha baada ya muda au baada ya idadi fulani ya azima, na maktaba hulipia upya. Chukua klabu ya watu 20 na maktaba yenye nakala 2 zinazoazimwa kwa siku 14. Wote wakikitaka kitabu kile kile, zitahitajika zamu 10, na wawili wa mwisho watasubiri wiki 18 kabla ya kukigusa. Hamu ya siku ya kikao itakuwa imekufa zamani.

Hii ndiyo sababu mtindo wa kila mmoja na kitabu chake unaifaa klabu ya kusikiliza. Mapendekezo 8 ya kikao kimoja huigawa foleni katika vijito 8. Zipo pia huduma za maktaba, kama Hoopla, zinazolipiwa kwa kila azima na hazina foleni, na kwa kitabu ambacho wote wanataka kukijadili pamoja, hizo ndizo mahali pa kuanzia. Mpendekezaji makini huangalia kabla ya kikao kitabu chake kinapatikana wapi na kina watu wangapi mbele.

Pendekezo la dakika mbili

Yote yaliyotangulia huingia katika dakika mbili za maneno. Pendekezo dhaifu husema: “Nimesikiliza kitabu cha Trevor Noah, kizuri sana, kinachekesha, lazima mkisikilize.” Hakuna mwenye habari mpya baada ya hapo.

Pendekezo timilifu la kitabu hicho hicho lingekwenda hivi: “Kinaitwa Born a Crime, kimetoka mwaka 2016. Ni maisha ya utotoni ya mchekeshaji Trevor Noah huko Afrika Kusini, mtoto wa mama mweusi na baba mzungu wakati ambapo uhusiano wao ulikuwa kosa la jinai. Anakisoma mwenyewe, na hapo ndipo utamu wake ulipo, kwa sababu Kixhosa na Kizulu anavitamka kama mtu anayevizungumza, wala havisomi kama mgeni. Hakifiki saa tisa. Kila sura ni kisa kinachosimama peke yake, kwa hiyo ukikatizwa hupotei. Kuna matusi, na karibu na mwisho kuna ukatili wa nyumbani unaoumiza. Kama ulipenda kitabu cha kuchekesha chenye mama shupavu ndani yake, hiki ni chako. Kama una watoto karibu, vaa spika za masikioni.”

Ndani ya maneno hayo kuna jina, mwaka, kiini, aliyekisoma, urefu, muundo, tahadhari, anayefaa na asiyefaa. Mwisho wa hadithi haukuguswa.

Jambo moja zaidi huwasumbua wasikilizaji: hawajaona maandishi. Wanajua jina la mhusika linavyotamkwa, hawajui linavyoandikwa, na wakilitafuta hawalipati. Wasomaji wa karatasi wako kinyume chao, wanajua herufi na kukosea matamshi. Mkutubi huandika jina la kitabu, la mwandishi na la aliyekisoma ubaoni wakati mwanachama anazungumza. Vilevile msikilizaji hawezi kufunua ukurasa nyuma kutafuta maneno yaliyomgusa, hivyo huzoea kuweka alama kwenye programu au kuandika sura na dakika pembeni.

Barazani na baani

Kwa Waswahili, kusikiliza kitabu ni jambo la zamani. Tenzi ziliandikwa kwa hati za Kiarabu, lakini wengi waliozijua walizijua kwa kughaniwa. Utendi wa Mwana Kupona, uliotungwa mwaka 1858 na mama kwa ajili ya binti yake, uliwafikia wanawake wengi kwa sauti. Redio nayo ilifanya kazi hiyo. Kipindi cha Mama na Mwana cha Radio Tanzania kiliwakusanya watoto kusikiliza hadithi, na sauti ya Deborah Mwenda ikawa sehemu ya hadithi zenyewe.

Mfano ulio karibu zaidi na klabu ya kusikiliza ulitokea Kenya. Ngũgĩ wa Thiong’o alipochapisha Caitaani Mũtharaba-inĩ mwaka 1980, riwaya ambayo Waswahili waliipata mwaka 1982 kwa jina la Shetani Msalabani, kitabu kilisomwa kwa sauti majumbani, kazini saa ya chakula cha mchana, ndani ya magari ya abiria na kwenye baa. Ngũgĩ mwenyewe ameeleza kwamba baani walijitokeza wasomaji wa kazi hiyo: wakifika mahali patamu wakakuta glasi tupu, walikiweka kitabu chini, na wasikilizaji wakaagiza bia nyingine ili hadithi iendelee. Wasikilizaji hao waliponunua kitabu au kuwaambia majirani wakasikilize, walikuwa wanapendekeza hadithi pamoja na sauti iliyoisoma.

Upungufu wa sasa ni wa rekodi. Riwaya nyingi ambazo wapenzi wa Kiswahili wangezinadi, kuanzia Mzimu wa Watu wa Kale wa Muhammed Said Abdulla mpaka Vuta N’kuvute ya Adam Shafi, zinajulikana zaidi kwa karatasi. Klabu inayoanza bila hazina ya rekodi inaweza kumweka mwanachama mwenye sauti nzuri asome sura moja kikaoni kutoka kwenye nakala ya maktaba. Kurekodi kitabu chenye hakimiliki na kukituma kwenye kundi la WhatsApp ni jambo jingine kabisa, kwani bila ruhusa ya mwenye haki ni kuvunja sheria.

Kwa wasioona na wenye ulemavu unaowazuia kusoma maandishi ya kawaida, njia imefunguliwa. Mkataba wa Marrakesh, uliopitishwa mwaka 2013 na kuanza kutumika mwaka 2016, unaruhusu taasisi zilizoidhinishwa kutengeneza nakala za vitabu katika miundo wanayoweza kuitumia, ikiwamo ya sauti, na kuzipitisha mipakani. Kenya ilijiunga mwaka 2017, Uganda mwaka 2018 na Tanzania mwaka 2020.

Daftari

Kazi ya mwisho ya klabu ni kumbukumbu. Daftari moja maktabani linatosha: jina la kitabu, mwandishi, aliyekisoma, saa zake, nani alikipendekeza na tarehe. Safu ya mwisho huachwa tupu kwa mwezi mmoja, kisha huandikwa wangapi walikiazima na wangapi walikifikisha mwisho. Safu hiyo haina upendeleo. Humwonyesha mkutubi vitabu vya kuongezea nakala, na humwonyesha mwanachama kama anawajua wenzake au anakijua kitabu chake tu. Pendekezo lililofaulu ni lile ambalo mtu mwingine alilisikiliza mpaka dakika ya mwisho, akarudi kikaoni na lake.